Gari 'lisiloonekana' huonekana: Kuhusu hila, hiana na uvivu wa vitenzi vyetu

Mwaka huu pekee nimekutana mara tatu na sentensi ileile katika habari za Kiswahili: gazetini, redioni, kisha kwenye runinga, ikisomwa na mtangazaji aliyetabasamu kana kwamba anamtangaza mshindi wa bahati nasibu. Sentensi yenyewe ni kwamba majeshi ya mataifa tajiri sasa yana magari ya kivita "yasiyoonekana". Sitavitaja vyombo hivyo kwa sababu kosa si la mmoja. Ni kosa la tafsiri ya haraka, ile inayofanywa saa kumi na moja jioni mhariri akiwa amesimama nyuma ya mwandishi. Lakini haraka hiyo imezaa neno, na neno limeingia vinywani. Hapa Buruburu ninakoishi nimekwisha kulisikia kwa kinyozi: "Prof, kuna gari ya jeshi siku hizi haionekani kabisa. Inaweza pita hapo Rabai Road na hujui."

Ninadai kwamba hakuna gari la namna hiyo, na kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kukieleza kilichopo. Hatuvitumii tu. Tena gharama ya kutovitumia si ya kisarufi peke yake, kama nitakavyoonyesha.

Tuanze na kilichopo. Mnamo Septemba 2011, katika maonyesho ya silaha ya DSEI jijini London, kampuni ya BAE Systems ilionyesha mfumo uitwao ADAPTIV, uliobuniwa na tawi lake la Uswidi. Ubavu wa gari la deraya aina ya CV90 ulivalishwa vigae vyenye pembe sita, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban sentimita 14. Kuufunika ubavu mmoja kunahitaji vigae kama 1,000. Kila kigae kinaweza kupozwa au kupashwa moto kwa umeme, kwa kanuni aliyoigundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: ukipitisha umeme kwenye maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja hupoa na wa pili hupata joto. Kamera zilizo juu ya gari husoma joto la mandhari, kisha vigae huliiga. Adui anayechungulia usiku kwa kamera ya joto hapati tofauti kati ya gari na kichaka kilicho nyuma yake. Isitoshe, mfumo una hazina ya picha. Askari anaweza kuviamuru vigae vichore umbo la gari dogo la kiraia, au la ng'ombe.

Ng'ombe, msomaji wangu! Tani zaidi ya 20 za chuma zimesimama mbele ya adui, anaziona, anaziona vizuri kabisa, ila anachokiona ni ng'ombe. Sasa hilo nalo tuliite "kutoonekana"?

Mwaka 1958 mtafiti wa jeshi la Marekani, John Johnson, aliipanga kazi ya jicho linalochungulia kwa mitambo katika ngazi. Tatu kati ya ngazi hizo ndizo zinazotajwa zaidi hadi leo, na kila moja ina kitenzi chake katika Kiswahili bila ya kwenda kukopa popote. Kwanza ni kugundua: kuna kitu pale. Pili ni kutambua: kitu hicho ni gari, si mti wala punda. Tatu ni kubainisha: gari hilo ni la aina fulani, na kwa hiyo ni la fulani. Ngazi ya pili inadai picha yenye maelezo mengi kuliko ya kwanza, na ya tatu mengi zaidi. Vigae vinavyoiga kichaka vinashambulia ngazi ya kwanza. Vigae vinavyochora ng'ombe vimeiacha ngazi ya kwanza wazi, havijali ukigundua, vinashambulia ya pili. Mwandishi anayesema "halionekani" amezifuta ngazi zote tatu kwa mkono mmoja.

Wanafunzi wangu wa isimu wanajua kwamba neno "kifaru" lina ngeli mbili. Kifaru wa mbugani amelala; kifaru cha jeshi kimeegeshwa. Jina ni moja, ila kiambishi ndicho kinachotuambia kama tukimbie kutoka kwa pembe au kutoka kwa mzinga. Gari lililochorwa ng'ombe ubavuni linachezea hapo hapo. Macho ya adui yanasoma "amesimama" ilhali injini ya dizeli inasema "limesimama". Kazi yote ya teknolojia hii ni kumfanya adui akosee ngeli, na kumkosesha kwa dakika mbili tatu tu, kwa sababu katika vita vya magari dakika hizo zinatosha.

Ili tulielewe suala la joto lenyewe, tuache London twende kituo cha matatu. Zile nambari 58 zinazotoka huku kwetu kwenda mjini ni kinyume kamili cha gari la kivita. Nganya imechorwa nyuso za wanamuziki na wachezaji kandanda, ikatundikwa taa za kila rangi, ili ionekane, itambuliwe na ibainishwe kwa jina lake na vijana walio ng'ambo ya barabara. Zima taa hizo usiku, kisha uiangalie kwa kamera ya joto. Michoro yote imetoweka! Rangi nyekundu, buluu na manjano hutoa joto kwa kiwango kinachokaribiana sana, kwa hiyo kamera haioni uso wa mtu yeyote. Kinachobaki ni sanduku la kijivu, boneti inayong'aa, ekzosi inayong'aa zaidi, na magurudumu yaliyopata moto kwa breki za Jogoo Road.

Hayo ndiyo yaliyoyapata mabaka ya kijani na kahawia, yale tuyaitayo "jangle" hapa Nairobi. Mabaka ni barua iliyoandikiwa jicho la mchana. Kamera ya joto haijui kuisoma. Majangili wa Maasai Mara waligundua hivyo kwa uchungu: kuanzia mwaka 2016 shirika la WWF lilipeleka huko kamera za joto za kampuni ya FLIR, na watu waliozoea kujificha kichakani usiku wakajikuta wanaangaliwa kana kwamba wamewasha tochi.

Kila kitu chenye joto hutoa miale ambayo jicho letu halioni, miale ya infraredi. Anayedhani hili ni jambo la maabara akumbuke mwaka 2020, mlinzi wa supamaketi alipokuwa anamwelekezea kipaji cha uso kifaa kilichofanana na bastola. Hakumgusa. Kifaa kilikuwa kinasoma miale hiyo. Kamera ya joto inafanya kazi hiyo hiyo, ila inapima maelfu ya nukta kwa wakati mmoja na kutengeneza picha.

Hapa ndipo kitenzi cha pili cha wanahabari wetu kinapoanguka. Wanasema teknolojia hii "huficha joto". Injini ya dizeli hutupa zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta kama joto, na joto hilo ni lazima liende mahali. Hulifichi kama noti chini ya godoro. Hata vigae vya Peltier, vinapopoza uso wa nje, vinalisukuma joto upande wa ndani na kuongeza jingine kutokana na umeme vinaoutumia. Mhandisi anachoweza ni kulichelewesha, kulielekeza upande ambao adui hayupo, au kulichanganya na hewa baridi kabla halijatoka. Anaweza pia kuligawa juu ya eneo pana. Anaweza kulitandikia gari wavu maalumu, kama ule uitwao Barracuda wa kampuni ya Saab, unaovunja umbo lake mbele ya jicho na mbele ya kamera ya joto pia. Anaweza kubadilisha uso wa gari. Mama yeyote anayepikia makaa analijua hili la mwisho: sufuria iliyojaa masizi hutupa joto kwenye kiganja chako kuliko sufuria iliyosuguliwa ikang'aa, hata kama chakula kilichomo kina moto sawa. Lakini sufuria inayong'aa ina ila yake. Ikiwekwa nje usiku huakisi ubaridi wa anga, na kamera itaiona kama shimo jeusi katikati ya uwanja wenye uvuguvugu. Ubaridi uliozidi nao ni ushahidi.

Kwa hiyo kinachotafutwa si kukosa joto bali kukosa tofauti. Kitenzi ninachokipendekeza ni kufifisha: gari hufifisha tofauti kati yake na mandhari. Nikitoka uani kwangu magharibi naigusa mabati ya banda la gari, imekwisha kupoa. Vigae vya paa bado vina jua la mchana. Mchana mabati ndiyo iliyokuwa moto zaidi. Kati ya nyakati hizo mbili kuna dakika kadhaa ambapo mabati na vigae vina joto sawa, na kamera ya joto ingeviona kama kitu kimoja. Mpishano huo hutokea jioni na alfajiri, bure, bila kigae kimoja cha Uswidi. Wanajeshi wanaujua, na adui zao pia wana saa.

Sasa niseme neno kuhusu kinyonga, maana kila makala ya Kiswahili kuhusu mada hii humleta. "Gari kinyonga", "rangi za kinyonga". Kinyonga amesingiziwa. Wanabayolojia wameonyesha kwamba aghalabu hubadilisha rangi ili kuwasiliana na wenzake, kumtisha mpinzani au kumvutia jike, na ili kudhibiti joto la mwili wake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza jinsi fuwele ndogo mno zilizo katika ngozi ya kinyonga mmoja wa Madagaska zinavyosogeleana na kuachana, na rangi ikabadilika. Chini ya tabaka hilo wakakuta jingine lenye fuwele kubwa zaidi, ambalo huakisi miale ya infraredi. Kwa bahati, basi, waandishi wetu wamegusa ukweli wa joto wakati walikuwa wanatafuta ukweli wa rangi.

Mnyama waliyemhitaji yuko Lamu na Mombasa, tena sokoni. Pweza hujificha kwelikweli. Kwa muda mfupi kuliko wa kusoma sentensi hii hubadilisha rangi, na pia umbile la ngozi yake, ikawa na vinundu kama jiwe la matumbawe alilolikumbatia. Anasoma mandhari na kuyaiga, kama vile vigae vinavyojaribu. Nikiulizwa, ningesema "ufichaji wa kipweza". Wapo wenzangu wanaopenda "kamafleji badilifu", nami sina ugomvi na mkopo wa Kifaransa uliopitia Kiingereza. Neno hilo lilisambaa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya jeshi la Ufaransa kuunda kikosi cha wachoraji mwaka 1915, na limezunguka dunia nzima. Marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany alitupa "runinga" na sisi Kenya tukaipokea, wenzetu wa Tanzania wakabaki na "televisheni", na watu wote wanaangalia mpira. Kipo kitu kimoja tu ambacho sitakikubali, nacho ni "kamafleji kigeugeu". Hilo tuwaachie wabunge.

Pweza ananikumbusha mikoko, na mikoko inanikumbusha Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikimbilia katika delta ya mto Rufiji. Mabaharia wakaifunika kwa matawi ya miti. Kwa aliyekuwa baharini, mikoko na milingoti vilikuwa kitu kimoja. Waingereza wakaleta ndege, teknolojia changa wakati huo, na jicho likapanda juu. Matawi yaliyolishinda jicho la baharini hayakulishinda la angani, na tarehe 11 Julai 1915 mizinga ya Severn na Mersey, ikiongozwa na ndege, ilimaliza kazi. Kiswahili kina nahau nzuri, "kuingia mitini", yaani kutoroka usionekane. Königsberg iliingia mitini kwa maana zote mbili. Lakini swali ambalo nahau haijibu ni: usionekane na nani, akiwa wapi, kwa jicho gani? Kitenzi "kuficha" kikikosa yambwa hiyo ya pili kinakuwa nusu sentensi.

Nilisema gharama si ya kisarufi tu. Jirani yangu mmoja hapa kwetu ana mwana aliye jeshini, dereva. Amekwenda Somalia na kurudi zaidi ya mara moja. Mama huyu aliisikia habari ile redioni, akanisimamisha nikitoka dukani. "Mwalimu, hizo gari hazionekani, hata zetu ziko hivyo? Kama ziko, mimi nitalala."

Ningemjibuje? Kwamba tangu majeshi yetu yavuke mpaka Oktoba 2011, mashambulizi makubwa tunayoyakumbuka kwa majina, El Adde tarehe 15 Januari 2016 na Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017, yalikuwa dhidi ya kambi, na kambi haihami? Kwamba kinachoua madereva katika barabara za Lamu, Garissa na Mandera ni vilipuzi vya kutegwa ardhini, na kilipuzi hakina macho? Hakigundui, hakitambui, hakibainishi. Kinangoja uzito, au kinangoja mtu aliyejibanza kando, anayejua kwamba barabara ni hiyo moja. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba Kenya inanunua magari 118 ya deraya kutoka kampuni ya Katmerciler ya Uturuki, aina ya Hızır. Sifa yao ni kustahimili mlipuko, si kujificha. (Jina hilo, kwa wanaopenda asili za maneno, ndilo Khidhri wetu, "wa kijani", mja wa Mungu ambaye katika masimulizi hutokea wakati wa dhiki, kisha haonekani tena. Waturuki wanajua kubatiza magari.)

Nilimweleza hivyo kwa maneno machache na ya upole kuliko haya. Alisikiliza, akasema, "Sasa mbona redio walisema haionekani?"

Swali lake linahusu faraja aliyopewa ambayo mhandisi hakuiahidi. Lipo jingine linalowahusu mama wasiokaa Buruburu. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, na ambayo Kenya iliiridhia mwaka 1999, ina kifungu cha 37 kinachotenganisha mambo mawili. La kwanza limeruhusiwa vitani, na kujificha kwa rangi na matawi kumetajwa humo pamoja na shabaha za uongo na habari za kupotosha. La pili limekatazwa: kumuua, kumjeruhi au kumkamata adui kwa kumfanya aamini kwamba wewe ni mtu anayelindwa na sheria, kwa mfano kwa kujifanya raia. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaa hapo kama kidole na pete. La kwanza ni hila. La pili ni hiana, lililotoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "haini" na "uhaini".

Kigae kinachoiga kichaka ni hila, na hakuna wa kulalamika. Kigae kinachochora gari la raia kinatembea kwenye mpaka, nami nikiwa msomaji wa maneno, si wakili, naona kimeukanyaga pale gari hilo linapofyatua risasi likiwa bado katika sura hiyo. Na ng'ombe? Ng'ombe hajalindwa kama mtu, lakini fikiria mfugaji wa Mandera au wa Gedo, ambaye mifugo yake inaangaliwa usiku na ndege isiyo na rubani. Mtazamaji aliye mbali, akishajua kwamba kifaru kinaweza kuwa ng'ombe, atamtazamaje ng'ombe aliyeachwa nyuma na wenzake? Anayebeba hatari ya uongo huo ni mchungaji ambaye hajui hata kwamba umesemwa. Neno "haionekani" linamwondoa kabisa kwenye habari. Neno "linajifanya ng'ombe" linamrudisha.

Sisi wa Nairobi hatuwezi kudai tuko mbali na jambo hili. Mnamo Agosti 2024 Mahakama Kuu ililazimika kuagiza kwamba polisi wanaosimamia maandamano wasifiche utambulisho wao. Hakuna aliyehitaji vigae vya Peltier, barakoa ilitosha. Na mtaani watu hawakusema kwamba zile Subaru zilizowabeba vijana hazikuonekana. Walisema zilionekana, zikatambuliwa kuwa Subaru, ila hazikubainika ni za nani. Vijana wa Buruburu wanazijua ngazi za Johnson bila kumsoma Johnson.

Sentensi ile ya habari, basi, ningeiandika hivi: "Jeshi hilo lina magari yanayofifisha joto lao mbele ya kamera za adui, na yanayoweza kujifanya kichaka, gari la raia au ng'ombe." Ni ndefu kuliko ile ya mwanzo. Mhariri akilalamika kuhusu nafasi, apunguze mistari miwili kwenye habari za wanasiasa waliokunywa chai pamoja.